Usimlaani nesi kabla hujajua usiku wake

Wa Dar nawapa pole na joto. Sisi huku Singida shida yetu ni upepo: ukianika shuka bila vibanio, utakwenda kuichukua nyumba ya tatu, na mwenye nyumba atakuuliza umefuata nini uani kwake.

Najua mmezoea nikianza hivi naishia kwa wanaume wasiopokea simu, au mashoga wanaoazima viatu wasirudishe. Leo wanaume wapumzike, na viatu vipumzike. Leo nina deni la mtu, na deni lenyewe nililichuma kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki juzi, mchana. Nilisimama kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda karibu na stendi ya Misuna, nanunua muhogo wa kukaanga. Washikaji walikuwa wanapiga stori. Mmoja anasimulia jinsi usiku wa kuamkia siku hiyo walivyompeleka mwenzao hospitali. Jamaa alikuwa amelewa, akalivaa tuta na pikipiki yake, kichwa damu tupu.

"Tumefika pale tunakuta kanesi kamoja, kadogo hivi, lakini kakali!" akasema. "Kakatutoa nje wote. Kanafoka utadhani tumekaibia mshahara!"

Kijiwe kizima kicheko. Na mimi, mwandishi wenu mpendwa, mdomo ukaniwasha. Nikadakia: "Hao wanafundishwa kununa chuoni. Asiyejua kununa hapewi cheti."

Wakacheka zaidi. Muuza muhogo akaniongeza kipande cha bure. Nikaondoka zangu najiona mtoto wa mjini.

Sikujua kwamba hako kanesi kenyewe saa ileile kalikuwa kamejilaza kwenye kitanda cha pili, chumbani kwangu.

Ndiyo hivyo. Ninaishi na nesi. Jina lake naliweka kapuni, na hospitali anayofanyia kazi siitaji. Mkoa wetu una hospitali za Serikali na za mashirika ya dini, kuanzia hapa mjini mpaka Kiomboi, Makiungu na Itigi, hivyo mbea atakayeanza kutafuta ni hospitali gani atamaliza nauli bure.

Huyu shoga yangu tulisoma darasa moja toka kidato cha kwanza mpaka cha nne. Matokeo yalipotoka, yeye Baiolojia na Kemia zilimkubali. Mimi Kemia ilinipa F, na kusema ukweli niliistahili. Yeye akaenda chuo cha uuguzi miaka mitatu, mimi nikahangaika huku na kule mpaka nikaangukia kalamu. Alipotoka chuo akafanya mtihani, akapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, nikasema sasa mwenzangu ameula.

Wapi! Leseni siyo ajira. Mwaka 2022 Serikali ilipotangaza nafasi 7,612 za kada zote za afya, walioomba walizidi 42,000. Yaani kwenye kila watu sita, watano walirudi nyumbani na bahasha zao. Shoga yangu alijitolea miezi minane: nauli yake, chakula chake, sare yake, na zamu za usiku kama mwajiriwa. Baadaye hospitali ikampa mkataba wa mwaka mmoja. Siku aliposaini tulichinja kuku wa kienyeji, na kwa mtu wa Singida hiyo siyo sherehe ndogo.

Toka hapo nimejifunza kwamba nesi kijana ana mambo yake ambayo wengine hatuyaoni.

Kuna majirani. Ukishajulikana wewe ni nesi, nyumba yenu inageuka zahanati. Mtu anagonga saa nne usiku na sindano aliyonunua duka la dawa: "Sista, nidunge hii tu, mara moja." Ukimwambia aende hospitali, keshokutwa mtaa mzima unasema unaringa. Ndugu nao wanatuma picha za vipele kwenye simu, wengine vipele vya mahali ambapo hata mume hapaswi kuviona kwa mwanga ule.

Kuna lugha. Nesi mwenzake mmoja ametoka pwani huko, anapangiwa wodi ya wazee. Bibi anajieleza kwa Kinyaturu dakika kumi, binti anatikisa kichwa tu, hajaambulia neno. Mpaka apite mhudumu amtafsirie kwamba bibi siyo kwamba anaumwa tumbo, anauliza mbuzi wake nani anawachunga.

Kuna manesi wa kiume. Hao wagonjwa wanawaita "dokta" mpaka wanazoea. Na daktari wa kike, mwenye miaka yake chungu nzima ya chuo kikuu, anaitwa "nesi, niletee bakuli".

Na kuna wapenzi. Mwenzenu akiwa zamu ya usiku, mchumba anapiga saa nane: "Hebu nisikie sauti za hapo." Sasa asikie nini? Mtoto analia, mzee anakohoa, mashine inapiga kelele. Dada wa watu anaweka simu mfukoni ikiwa hewani ili bwana aridhike, anaendelea na kazi.

Hayo yote huwa tunayacheka, tunakunywa chai, maisha yanaendelea. Lakini Alhamisi ile hakukuwa na kicheko.

Niliporudi jioni nilimkuta amekaa kitandani na sare yake ileile ya usiku. Kwa kawaida akitoka zamu ya usiku analala kama gogo mpaka saa tisa alasiri, akiamka cha kwanza anauliza kuna nini sufuriani. Siku hiyo chai niliyomwachia asubuhi ilikuwa imeota utando. Nikajua ni mchumba tu. Nikaanza mahubiri yangu kuhusu wanaume.

Ndipo nikaona kidole gumba cha mkono wa kushoto kina plasta.

"Umefanya nini?"

"Kisu."

"Kisu gani? Kisu chetu si kiliazimwa na mama wa jirani toka Jumapili?"

Akaniangalia. Halafu akaanza kulia, kilio kile cha kujibana mdomo ili wapangaji wengine wasisikie.

Usiku ule walipangwa manesi wawili na mhudumu mmoja. Saa sita, mwenzake akapanda gari la wagonjwa kumsindikiza mama mjamzito aliyepewa rufaa. Akabaki yeye na mhudumu. Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji. Wodini alikuwa na mtoto mchanga kwenye oksijeni ambaye hakutaka kumwacha hata dakika kumi.

Saa tisa wakaingia wale jamaa watano na mwenzao. Wote wanaongea kwa pamoja, wote wanammulika kwa tochi za simu, mmoja anarekodi video. Mgonjwa amelewa, anatukana, anarusha miguu. Ndiyo, alifoka. Ndiyo, aliwatoa nje. "Ningefanyaje?" akaniuliza. "Nilikuwa natetemeka. Nikiongea kwa upole sauti inatoka kama ya kulia, na wakijua naogopa hawatanisikiliza."

Alipopata mshipa na kuchomoa ile sindano, mgonjwa akarusha mkono. Sindano, na damu yake, ikapita kwenye glavu na kuingia kidoleni.

Akavua glavu. Tone dogo tu. Papo hapo mama wa yule mtoto mchanga akaita, "Sista, njoo umwone!" Akanawa haraka haraka, akabandika plasta, akakimbia. Hakumwambia mtu mpaka anakabidhi zamu asubuhi.

Sasa msomaji, nilidhani hajui la kufanya. Kumbe anajua kuliko mimi na wewe. Alinitajia mwenyewe, machozi yanamtoka, kama mwanafunzi anayejibu mtihani: ukichomwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usinyonye, usipake jiki. Toa taarifa hapo hapo. Upimwe wewe, na mgonjwa aombwe naye apimwe. Kama inahitajika unaanzishiwa dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI, vizuri zaidi ndani ya saa chache za mwanzo, na mwisho kabisa isipite saa 72. Unameza kila siku kwa siku 28. Alinitajia hata hesabu: katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi, wanaoambukizwa ni kama watatu tu. Homa ya ini aina ya B ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa asiyechanjwa, na chanjo yake ni dozi tatu. Yeye alikuwa amepata mbili.

"Sasa kama unajua yote hayo, kwa nini umekaa hapa?"

Akanipa sababu tatu, na nyinyi manesi vijana mnaonisoma mtazitambua.

Ya kwanza, mkataba. Unaisha mwisho wa mwezi huu na haujajulikana kama utaongezwa. Aliogopa ataandikwa mzembe.

Ya pili, midomo. Akionekana amepanga foleni kwenye dirisha la dawa zile, kesho wahudumu wanajua, keshokutwa mji unajua, na hakuna atakayesema "alichomwa kazini". Mji wetu huu mnaufahamu.

Ya tatu, mchumba. Yuko Manyoni, na washenga walikuwa wameshakuja mara moja. Mpaka vipimo vya marudio viishe inatakiwa kutumia kondomu. Sasa hapo utamdanganya vipi mtu?

Nikahesabu kwa vidole. Saa tisa usiku mpaka saa kumi na mbili jioni ni saa 15. Zilishaondoka 15, na yeye anawaza watu watasema nini. Na hao watu, jamani, mmoja wao nilikuwa mimi. Mchana ule nilikuwa nimeshasema.

Sikumwambia habari ya kijiwe. Nilichukua simu yake nikamtafuta inchaji wake, yaani mama kiongozi wa wodi, ambaye kila siku naambiwa ni mkali kama pilipili kichaa. Nikampa aongee mwenyewe. Yule mama alisikiliza kidogo tu, nikamsikia anasema: "Usioge, usipike, usibadilishe nguo. Njoo sasa hivi."

Tukachukua bajaji. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimeshapanga hotuba ya kumtetea mwenzangu, na maneno ya Kiingereza mawili matatu ya kutishia. Hayakutumika.

Mama alikuwa anatusubiri mlangoni na kitenge begani, amerudi kazini kutoka kwake. Akamshika ule mkono, akautazama, akasema: "Kuchomwa nimekusamehe, maana hata mimi nimechomwa. Kunyamaza ndiko sikusamehi." Halafu akafungua daftari la taarifa, akamwandika.

Wakati tunasubiri vipimo akatusimulia. Yeye alichomwa mwaka 1998, akiwa na miaka kama ya shoga yangu. Enzi hizo alipokuwepo hakukuwa na dawa ya kumpa. Nchi yetu ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004. Kwa hiyo yeye aliosha mkono, akamaliza zamu, akaenda nyumbani kungoja miezi mitatu ili apime. Miezi mitatu hakumwambia mtu, hata mume wake. Alikuwa ananyonyesha. Akatuambia kila usiku alikuwa anamtazama mtoto na kujiuliza amnyonyeshe au asimnyonyeshe.

"Nilikuwa mkali sana miezi ile," akasema. "Wagonjwa walinichukia. Na walikuwa na haki, maana hawakujua."

Msomaji, hapo ndipo muhogo wa bure uliponikwama kooni.

Shoga yangu alipimwa, akaanzishiwa dawa usiku ule, akapangiwa na dozi yake ya tatu ya chanjo. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuwezekana tena. Yule mgonjwa aliondoka saa nne asubuhi, wenzake walikuja wakamchukua. Namba ya simu waliyoiacha haipatikani. Kama taarifa ingetolewa saa tisa ileile, angeombwa apimwe, na huenda yote haya yangeisha palepale. Hiyo ndiyo bei ya kunyamaza: siku 28 za vidonge na kungoja majibu ambayo pengine yalikuwa kitanda cha pembeni.

Leo ninapoandika ni siku ya 12. Zimebaki 16, na baada ya hapo vipimo vya marudio. Vidonge vinampa kichefuchefu na uchovu, lakini zamu zake anakwenda kama kawaida. Mkataba bado hajajua. Inchaji ameahidi kumsemea, na kwa yule mama ninaamini atasema kwa sauti. Mchumba aliambiwa Jumapili ile. Alikata simu. Baada ya saa nzima akapiga tena, akauliza kitu kimoja tu: "Dawa unakunywa saa ngapi?" Toka siku hiyo, saa mbili kasoro dakika tano usiku, simu inaita kutoka Manyoni. Nimefuta mahubiri yangu yote kuhusu huyo mmoja. Wengine bado nawashikilia.

Kila tarehe 12 Mei manesi dunia nzima wanaadhimisha siku yao, kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Huku kwetu utawaona na sare nyeupe, mishumaa mikononi, wanarudia kiapo. Inapendeza, tunapiga picha. Tunamkumbuka yule mama na taa yake katika vita ya Crimea mwaka 1854. Ambacho hatukitaji sana ni kwamba alirudi kutoka vitani na maradhi yaliyomsumbua miaka mingi. Kazi hii tangu zamani inamrudishia mtu kitu nyumbani.

Sisemi manesi wote ni malaika. Wapo wanaotukana kina mama kwenye chumba cha kujifungulia, na hao waambiwe, washitakiwe, sina utetezi nao. Binti ambaye hajaajiriwa siyo sababu ya mgonjwa kunyanyasika. Lakini kabla hujamtangaza nesi kwenye kijiwe, jiulize usiku ule walikuwa wangapi kazini, na wewe uliingia na watu wangapi. Mgonjwa asindikizwe na mmoja, tochi na video zibaki mfukoni. Mkono wa mlevi wenu mshikeni nyinyi mnaomjua, nesi ashike sindano.

Na wewe nesi kijana, wa hapa mjini au wa zahanati ya porini huko ambako uko peke yako na kibatari: ukichomwa, sema. Sema saa ileile, mbele ya nani haijalishi. Mkataba unatafutwa mwingine. Saa 72 hazitafutwi. Kama dozi zako za chanjo hazijatimia, kesho zifuatilie kabla ya kufuatilia mshahara.

Na wewe unayeishi naye, usingoje mpaka uone plasta. Akirudi asubuhi muulize usiku ulikuwaje, kisha unyamaze umsikilize.

Juzi nilipita tena kijiweni. Yule msimulizi wetu alikuwepo. Nikamuuliza, "Yule nesi mlimwuliza hata jina?" Akanishangaa. "Jina la nini? Nesi ni nesi tu." Nikamwambia anaweza kunisaidia kumpata yule mwenzake aliyeanguka, hospitali inamtafuta, siyo kwa ubaya. Akasema atajaribu. Bado nasubiri.

Shoga yangu ameisoma safu hii kabla sijaituma. Amefuta mistari miwili, na habari ya kijiwe ndiyo mara yake ya kwanza kuijua. Alinyamaza muda mrefu, nikajua leo nahama. Mwishowe akasema, "Cheti cha kununa hatupewi. Tunajifunzia kazini." Halafu akaniambia nikamdai mama wa jirani kile kisu.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Wanaume wasiopokea simu, jiandaeni.